Una digrii tayari na unataka unesi Marekani: ABSN, ADN au uzamili wa kuingilia?

Digrii yako ni ya uhasibu kutoka Nairobi, au ya ualimu kutoka Dar es Salaam. Hapa Marekani imelala kwenye bahasha, na kazi inayokulisha ni ya CNA, msaidizi wa nesi: kugeuza wagonjwa, kuwaosha, kuwalisha, kupima presha, na wikiendi unapiga dabo. Umekaa karibu na manesi vya kutosha kujua kwamba kazi yao unaiweza. Kilichobaki ni kuchagua njia, na hapo ndipo wengi hukwama, maana kila mtu kanisani, msikitini au kwenye kikundi cha WhatsApp anaisifu ile aliyopita yeye.

Kwa mtu mwenye shahada ya fani nyingine, njia kubwa ni tatu. ABSN ni shahada ya kwanza ya uuguzi iliyobanwa, kwa waliokwisha kupata shahada moja. ADN ni stashahada ya miaka 2 ya chuo cha jamii. Uzamili wa kuingilia unamchukua mtu ambaye hajawahi kuwa nesi na kumtoa akiwa na shahada ya pili ya uuguzi. Zote zinaishia kwenye mtihani mmoja, NCLEX-RN, na leseni moja ya RN, yaani nesi aliyesajiliwa. Leseni yenyewe haiandiki ulipitia wapi. Kwa hiyo unapochagua, unachagua muda, gharama na milango ya baadaye.

Tupime kwa vigezo gani

Cha kwanza ni muda, na uuhesabu kuanzia leo hadi siku unayopata leseni. Tangazo la "miezi 12" linaanza kuhesabu siku ya kwanza ya darasa la unesi. Haliyagusi masomo ya sharti: anatomia na fiziolojia sehemu ya 1 na ya 2, mikrobiolojia, kemia, takwimu, saikolojia ya makuzi, na mara nyingi lishe. Sehemu ya 2 ya anatomia haichukuliwi kabla ya sehemu ya 1, na vyuo vingi vinataka biolojia au kemia kabla hujagusa mikrobiolojia. Anayefanya kazi muda wote na kuchukua somo moja au mawili kwa muhula atatumia mwaka mzima hapo, pengine na zaidi. Ongeza miezi ya kusubiri majibu ya maombi, kisha wiki kadhaa za kupata kibali cha kukaa NCLEX ukishamaliza. Njia ya "mwaka mmoja" hugeuka kuwa miaka 2 na nusu hadi 3 kwa mtu anayeanza sayansi kutoka sifuri, na ni bora uijue hesabu hiyo kabla hujamwambia meneja wako kwamba unaacha kazi.

Cha pili ni fedha, na hapa kuna maswali mawili: ada ni kiasi gani, na atakayekukopesha ni nani. Wenye digrii hupata mshtuko kwenye swali hili la pili. Pell Grant, ile ruzuku ya serikali isiyorudishwa, haitolewi kwa mwenye shahada ya kwanza, hata kama aliipata Makerere au Mzumbe na hajawahi kula senti ya serikali ya Marekani. Wapo wanaoshauriana waifiche digrii ya nyumbani wanapojaza FAFSA, fomu ya serikali ya kuomba msaada wa ada. Huo ni udanganyifu dhidi ya serikali ya shirikisho, na unaufanya ukielekea kwenye taaluma ambayo bodi yake huchunguza historia yako kabla ya kukupa leseni. Usithubutu.

Cha tatu ni kazi na nyumba: utaweza kufanya saa ngapi kwa wiki, nani atawaamsha watoto siku unayotakiwa wodini kabla ya saa 1 asubuhi, na nyumbani wanategemea nini kutoka kwako kila mwezi. Cha nne ni masharti ya kuingia, hasa yale yanayohusu vyeti vya nyumbani. Cha tano ni milango inayofunguka baada ya leseni.

Kabla ya vyote hivyo kuna kizingiti. Programu yoyote lazima iwe na idhini ya Bodi ya Uuguzi ya jimbo na ithibati ya chombo kinachotambulika, yaani CCNE, ACEN au CNEA. Kama chuo kiko jimbo jingine, kiwe na ruhusa ya kuendesha mazoezi ya wodini katika jimbo unaloishi. Hayo huyaulizi kwa mtu wa udahili. Unayatafuta mwenyewe kwenye tovuti ya bodi. Januari 2023 serikali ya Marekani ilitangaza mashtaka dhidi ya watu 25 katika kesi iliyopewa jina la Operation Nightingale: zaidi ya vyeti 7,600 vya uuguzi viliuzwa kupitia shule 3 za Florida kwa watu ambao hawakusoma kwa saa zinazotakiwa wala kugusa mgonjwa. Majimbo yakaanza kufuta leseni. Mtu akikwambia anajua chuo ambapo "unalipa tu, unakaa mtihani", unajua anakupeleka wapi.

ABSN

*Muda.* Miezi 11 hadi 18 ya unesi wenyewe. Njia hii haikuzuka na intaneti. Saint Louis University ilianza kuifundisha mwaka 1971, na Creighton ya Omaha inamaliza kwa miezi 12. Baadhi ya vyuo hupokea wanafunzi mara 2 au 3 kwa mwaka, kwa hiyo kusubiri ni kufupi.

*Fedha.* Kuna tofauti kubwa hapa kuliko kwenye njia nyingine yoyote. Chuo cha umma, ukilipa ada ya mkazi wa jimbo, kinaweza kukugharimu chini ya dola 30,000. Chuo binafsi kinapita 60,000 bila aibu, kabla ya kuhesabu sare, vifaa, ada ya maabara na bima. Mikopo ya serikali inakuhesabu kama mwanafunzi wa shahada ya kwanza: anayejitegemea anapata hadi dola 12,500 kwa mwaka wa masomo, na jumla ya maisha haizidi 57,500, ikiwemo ile uliyowahi kuchukua huko nyuma. Hata programu ikiangukia miaka 2 ya masomo, hiyo ni 25,000. Kama ada ni 65,000, pengo la 40,000 linazibwa na benki binafsi, ambayo itataka riba ya juu na mdhamini mwenye historia nzuri ya mikopo. Shemeji atakayeombwa kusaini aambiwe kiasi kamili mapema.

*Kazi na nyumba.* Vyuo vingi vinashauri usifanye kazi kabisa, na safari hii ushauri wao ni wa kweli. Wiki moja inabeba mihadhara, maabara, siku mbili za wodini ambazo zinaweza kuwa za saa 12 kila moja, na mtihani. Alama ya kupita kila somo mara nyingi iko kati ya 75 na 78, na mtihani wa kukokotoa dozi unaweza kudai 90 au hata 100. Ukianguka somo moja unalisubiri kundi linalofuata, na ukianguka mawili vyuo vingi vinakuaga. Wapo wanaoshika shifti moja ya wikiendi na wakamaliza salama, lakini hao aghalabu wana mwenza anayelipa pango.

Programu nyingi za ABSN sasa ni za mseto: mihadhara iko mtandaoni, maabara na wodi unakwenda mwenyewe. Neno "mtandaoni" lisikulaghai ukadhani utasoma ukiwa umekaa kitandani. Wodi inaweza kuwa saa 1 na nusu kwa gari kutoka kwako, na zamu ikawa ya usiku. Programu hizi nyingi zinaendeshwa kwa ubia na kampuni za kutafuta wanafunzi, na ukijaza fomu moja tu ya kuomba taarifa, mshauri wao atakupigia kama dalali wa viwanja. Mwulize anayekupigia: mahali pa wodi pameandikwa kwenye mkataba, au "tutakutafutia"?

*Masharti.* GPA (wastani wa alama) isiyopungua 3.0 ni kawaida, na kwenye sayansi huwa wanaitazama peke yake. Kuna mtihani wa kuingilia, TEAS au HESI A2. Masomo ya sayansi yana umri: vyuo vingi havitaki yaliyozidi miaka 5 au 7, hivyo biolojia uliyosoma Kidato cha Sita mwaka 2009 imebaki kumbukumbu. Transkripti ya nyumbani itahitaji tathmini ya somo kwa somo kutoka kampuni za tathmini kama WES au ECE. Kwa Watanzania, jihadhari na jambo moja: digrii yetu ya miaka 3 haitazamwi kwa jicho moja na kila mtathmini wala kila chuo. Mwandikie mtu wa udahili kabla hujalipia tathmini, umwulize wanaipokea ya kampuni gani, na jibu ulitunze kwa maandishi. TOEFL nayo huombwa hata kama ulisoma kwa Kiingereza tangu sekondari; vyuo vingine vinasamehe, vingine havitaki kusikia.

*Milango.* Unatoka na BSN, yaani shahada ya kwanza ya uuguzi. Hospitali kubwa za mijini, hasa zenye hadhi ya Magnet (utambuzi wa ubora wa uuguzi) au zinazoitafuta, zinapendelea BSN kwa manesi wapya. Jeshi linaitaka kwa maofisa wake wauguzi. Ukitaka kuwa NP baadaye, yaani nesi mwenye ruhusa ya kutambua ugonjwa na kuandika dawa, unaomba moja kwa moja.

Inamfaa mtu aliyemaliza masomo ya sharti, mwenye akiba au mwenza mwenye kipato, na anayeweza kuwaambia nyumbani kwamba kwa mwaka mmoja na ushee hakutakuwa na kitu cha kutuma.

ADN, kisha BSN ukiwa kazini

*Muda.* Mihula 4 au 5 ya unesi, baada ya masomo ya sharti ambayo huwa machache kidogo. Tatizo ni mlango wa kuingilia. Vyuo vya jamii vina nafasi chache na waombaji wengi. Vingine vina orodha ya kusubiri, vingine vinapanga kwa pointi, na baadhi ya vyuo vya California vinapiga bahati nasibu. Katika vyuo vya pointi, digrii yako ya awali na kazi yako ya CNA zinaweza kukuongezea alama, kwa hiyo usiiache kwenye bahasha.

*Fedha.* Hapa ndipo ADN inaposhinda waziwazi kwa wengi: ada nzima kwa mkazi mara nyingi haifiki dola 15,000, na inalipika muhula kwa muhula. Angalizo kwa walioko Lowell, Worcester na kwingineko Massachusetts: mpango wa jimbo wa kusoma bure kwenye vyuo vya jamii, uliopanuliwa mwaka 2024, unawalenga wasio na shahada ya kwanza. Jirani yako aliyeishia kidato cha nne anasoma bure na wewe uliyemaliza chuo kikuu unalipa. Inauma, lakini ndiyo sheria.

*Kazi na nyumba.* Saa 20 hadi 24 kwa wiki zinawezekana kwa wengi, na vyuo vingine vina mkondo wa jioni na wikiendi. Nursing home (nyumba za kutunzia wazee) nyingi na hospitali zinasaidia ada ya wafanyakazi wao. Sheria ya kodi inamruhusu mwajiri kutoa hadi dola 5,250 kwa mwaka bila wewe kukatwa kodi juu yake. Uliza ofisi ya rasilimali watu kabla ya kuuliza benki. Uliza pia unafungwa kwa muda gani ukishapokea, maana msaada huo huja na ahadi ya kubaki.

*Masharti.* Mepesi kidogo kuliko ABSN kwenye GPA iliyoandikwa, lakini ushindani unaipandisha. Tathmini ya vyeti vya nyumbani bado inahitajika kama unataka Kiingereza na masomo ya jumla yahesabiwe.

*Milango.* Unakuwa RN kamili siku ileile unayofaulu NCLEX. Nursing home, vituo vya dialysis (kusafisha damu), hospitali za miji midogo na hospitali nyingi za kawaida zitakuajiri. Kwenye miji yenye vyuo vingi vya unesi, kama Boston, hospitali kubwa zinaweza kukuruka. New York ilipitisha sheria Desemba 2017 inayomtaka nesi mpya awe na BSN ndani ya miaka 10 tangu apate leseni. Hiyo BSN unaisoma mtandaoni ukiwa unalipwa kama nesi, kwa mwaka 1 au zaidi kidogo, na masomo ya jumla umeshayafanya kwenye digrii ya kwanza. Kuna njia ambayo wengi hawaambiwi: baadhi ya vyuo vinampokea nesi wa ADN mwenye shahada ya fani nyingine moja kwa moja kwenye uzamili wa uuguzi, bila kupita BSN.

Inamfaa mwenye familia inayomtegemea peke yake, mwenye kuchukia madeni, na aliye karibu na chuo ambacho foleni yake haizidi mwaka.

Uzamili wa kuingilia

*Muda.* Kuna aina mbili, na watu huzichanganya. Ya kwanza inakutoa ukiwa RN wa kawaida mwenye shahada ya pili. Columbia wanafanya kwa miezi 15, Johns Hopkins kwa mihula 5. Ya pili inaendelea hadi NP, kama ile ya Yale ya miaka 3.

*Fedha.* Ndiyo ghali kuliko zote, hasa vyuo binafsi vyenye majina. Zamani faraja ilikuwa kwamba mikopo ya uzamili ina ukomo mkubwa na Grad PLUS, mkopo wa ziada wa serikali kwa wanafunzi wa uzamili, ilikuwa inaziba pengo lote. Sheria iliyosainiwa 4 Julai 2025 imebadilisha hayo: kuanzia 1 Julai 2026 Grad PLUS inafungwa kwa wakopaji wapya, na mwanafunzi wa uzamili anabaki na dola 20,500 kwa mwaka na jumla ya 100,000. Ushauri wowote ulioandikwa kabla ya hapo kuhusu kukopa kwa uzamili, usome kama historia.

*Kazi na nyumba.* Sawa na ABSN, na wakati mwingine zaidi, kwa sababu juu ya wodi kuna karatasi za utafiti.

*Masharti.* GPA ya juu, barua za wadhamini, insha. Mtu aliyefanya kazi ya maana kwenye fani yake ya kwanza, kama afya ya jamii, takwimu au uongozi wa miradi, anang'aa hapa kuliko kwenye ABSN.

*Milango.* Karatasi ni kubwa, lakini wodini u mgeni kama wageni wengine. Hospitali nyingi hazimlipi nesi mpya wa uzamili zaidi ya nesi mpya wa BSN kiasi cha kufidia ada. Faida inaonekana baadaye, ukienda kwenye ualimu wa unesi, utafiti, uongozi au udaktari wa uuguzi.

Inamfaa anayejua kwa hakika anataka NP au kufundisha, na aliyepata ufadhili wa kueleweka. Anayeichagua kwa ajili ya jina la chuo tu, namsihi aisome tena aya ya fedha.

Hesabu inayobishaniwa sana

Mabingwa wa ADN husema ABSN ni kujitia kitanzi cha deni. Mabingwa wa ABSN husema kila mwaka unaochelewa kuwa nesi ni mshahara unaoutupa. Tuiweke hesabu mezani, kwa mtu aliyekwisha kumaliza masomo ya sharti. Namba za ada na ujira hapa ni za mfano, weka zako.

Tuseme CNA analipwa dola 20 kwa saa, muda wote, yaani 41,600 kwa mwaka. Mshahara wa katikati wa RN Marekani, kwa takwimu za Idara ya Kazi za Mei 2024, ulikuwa 93,600, lakini nesi mpya haanzi na wa katikati, tumpe 75,000. Anayesoma ABSN anakaa miezi 16 bila kazi. Anayesoma ADN anasubiri miezi 4 akifanya kazi muda wote, kisha anasoma miezi 24 akifanya nusu ya muda. Tusimame mwezi wa 28 tuwatazame, kabla ya kodi.

Wa ADN ameingiza karibu 55,500 na kulipa ada 12,000: amebaki na 43,500. Wa ABSN kwenye chuo cha umma cha 25,000 ameshakuwa nesi kwa mwaka mzima: 75,000 toa 25,000, amebaki na 50,000. Wa ABSN kwenye chuo binafsi cha 60,000 amebaki na 15,000, na bado hatujaweka riba.

Maana yake ni kwamba swali la "ABSN au ADN" limeulizwa vibaya. ABSN ya bei nafuu inashindana vizuri na ADN, tena inakuja na BSN ndani yake. ABSN ya bei ghali haishindani, isipokuwa foleni ya ADN karibu nawe ni ya miaka 2, au mlango unaoutaka haufunguki bila BSN. Lakini wote wawili waliishi miezi hiyo 28, na hapo hesabu haisemi kila kitu: wa ADN alipata mshahara kila wiki mbili, wa ABSN alikaa miezi 16 akila akiba au mkopo. Mwenye mama mgonjwa Kisumu au wadogo zake shuleni Arusha anajua tofauti ya mambo hayo mawili hata kama jumla inalingana.

Na LPN je?

LPN ni nesi mwenye leseni ya ngazi iliyo chini ya RN. Wengi wetu tumepitia hapo, na ukiwa Texas au California utasikia ikiitwa LVN. Ni karibu mwaka 1, mtihani wake ni NCLEX-PN, na mshahara wa katikati mwaka 2024 ulikuwa 62,340, wakati wa CNA haufiki 40,000. Kwa mwenye digrii, LPN ni kituo cha kupumzikia: inapandisha ujira haraka, kisha unasoma daraja la kwenda RN. Gharama yake ni kwamba unasoma mara mbili na kukaa mitihani miwili. Ninaipendekeza kwa mmoja tu, yule ambaye pango la nyumba linamkaba leo na hawezi kungoja ADN.

Usidanganywe na asilimia

Kila chuo kitakuonyesha kiwango cha kufaulu NCLEX kwa jaribio la kwanza, na bodi za majimbo huchapisha namba hizo kwa kila chuo. Zitazame za miaka mitatu mfululizo. Kisha uliza swali ambalo hawalipendi: walioanza walikuwa wangapi, na waliomaliza kwa wakati ni wangapi? Chuo kinaweza kuwa na asilimia 98 kwa sababu waliokuwa dhaifu waliondolewa njiani, au walizuiwa na mtihani wa kutokea wa HESI au ATI wasifike kwenye NCLEX. Wale walioondolewa walilipa ada kama wengine. Mtihani wenyewe, tangu Aprili 2023, una maswali 85 hadi 150 kwa muda usiozidi saa 5, na mengi ni ya kisa cha mgonjwa kinachokutaka uamue nini kifanyike kwanza. Aliyezoea kukariri kwa ajili ya mtihani wa taifa atahitaji kujifunza kufikiri upya, njia yoyote atakayochagua.

Kwa hali yako

Kama una watoto na wewe ndiye kipato pekee, anza na ADN kwenye chuo cha jamii kilicho karibu, omba vyuo viwili au vitatu kwa wakati mmoja, na mwulize mwajiri kuhusu msaada wa ada. BSN itakuja ukiwa na mshahara wa nesi.

Kama mwenza wako ana kazi thabiti na bima ya familia, na kuna ABSN ya chuo cha umma katika jimbo lako, omba hiyo kwanza. Chuo binafsi kiwe cha pili, na ukifikie ukiwa na hesabu ya mkopo mkononi.

Kama ndiyo kwanza umefika na grini kadi ya bahati nasibu, usiharakishe kulipa ada ya mgeni wa jimbo. Majimbo mengi yanadai ukaazi wa miezi 12 kabla ya ada ya mkazi. Tumia mwaka huo kupata cheti cha CNA, kufanyiwa tathmini ya vyeti na kuanza anatomia.

Kama uko kwa viza ya F-1, ile ya mwanafunzi, mikopo ya serikali haikuhusu, na kazi unayoruhusiwa wakati wa masomo kwa kawaida ni ya ndani ya chuo, isiyozidi saa 20 kwa wiki. Baada ya kuhitimu unaweza kuomba miezi 12 ya OPT, yaani ruhusa ya kufanya kazi kwenye fani uliyosomea, na mchakato wa makazi ya kudumu ni habari nyingine yenye foleni yake. ADN ya bei nafuu au ABSN fupi zinaweza kukufaa kuliko uzamili, lakini zungumza na mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kulipa amana.

Kama una miaka zaidi ya 45, usikubali mtu akwambie umechelewa. Wodi zimejaa waliohitimu wakiwa na umri huo. Ila deni lipimwe kwa miaka ya kazi iliyobaki. Ukiajiriwa na hospitali isiyo ya faida na kulipa mikopo ya serikali kwa malipo 120, salio linaweza kusamehewa chini ya PSLF, mpango wa serikali wa kuwasamehe deni wanaotumikia umma. Mikopo ya benki binafsi haina huruma hiyo.

Kama digrii yako ilikuwa ya sayansi na bado haijazeeka, wewe ndiye ABSN ilitengenezwa kwa ajili yako. Peleka transkripti kwenye vyuo vitatu uone ni masomo mangapi ya sharti yaliyobaki.

Na kama bado hujawahi kumhudumia mgonjwa hata mmoja, umevutiwa na mshahara tu, chukua kozi ya CNA ya wiki chache na ufanye kazi miezi kadhaa kabla ya kuomba popote. Ni dola mia kadhaa, wakati mwingine nursing home inakulipia, na utajua kama unaweza kusimama miezi 16 wodini.